Kupigwa nyumbani na kusimama tena: mwongozo kamili wa huduma na fedha za serikali kwa wanawake wa Mwanza

Mwanamke anayefanyiwa ukatili nyumbani hapa Mwanza anaweza kuzifikia fedha za serikali kwa milango miwili. Mlango wa kwanza umeshalipiwa kabla hajagonga: askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, daktari wa hospitali ya serikali, afisa ustawi wa jamii, fomu ya PF3. Mlango wa pili ni wa mtaji: asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayokopeshwa bila riba. Tatizo ni kwamba wa mlango mmoja hawawasiliani na wa mlango wa pili. Askari anaandika maelezo yako bila kuuliza watoto watakula nini Jumatatu. Afisa wa mikopo anahakiki katiba ya kikundi bila kujua kwamba fedha ikifika nyumbani itanyang'anywa usiku huo huo. Wa kuunganisha ni wewe, au ndugu unayemwamini, mkiwa na karatasi mkononi.

Nimepanga hatua kwa mfuatano huu: usalama, matibabu, jalada, ustawi, sheria, ndipo mtaji. Wengi wanaanza na mtaji kwa sababu njaa haisubiri, nami nawaelewa. Lakini fedha ikiingia kwenye nyumba ambayo hujaiwekea kinga, umeongeza kitu cha kugombewa.

Hili si jambo la watu wachache. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 27 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wameshapigwa au kuumizwa mwilini tangu walipofikisha miaka 15. Ule wa 2015/16 ulikuwa umetoa asilimia 40. Imepungua, ndiyo, lakini kwenye kila wanawake wanne waliokaa kwenye benchi la kliniki bado kuna mmoja.

Nimewalenga kwanza wanawake wa Nyamagana na Ilemela. Walioko Magu, Misungwi, Kwimba, Sengerema, Buchosa na Ukerewe watakuta ofisi ni zile zile, ila nauli ni kubwa zaidi. Mwanaume anayefanyiwa ukatili naye ana haki ya dawati, hospitali na msaada wa kisheria.

Kama hatari iko mlangoni sasa hivi

Acha kusoma. Toka nje penye watu, piga 112 upate polisi. Kama anayeumizwa ni mtoto, piga 116, haina gharama na unaweza kupiga hata kama wewe ni jirani tu. Ukishindwa kupiga, mtume mtoto kwa balozi au kwa mwenyekiti wa mtaa. Mengine yote yanasubiri.

Maandalizi: line, vitambulisho na mahali pa kulala

Kazi hii ifanyike kimyakimya, ikiwezekana kabla hujaripoti.

Anza na simu. Piga *106# uangalie line unayotumia imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani. Wanawake wengi wa mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, wanatumia line iliyosajiliwa kwa alama ya kidole ya mume, kwa sababu siku ya usajili yeye ndiye aliyekuwa na namba ya NIDA. Maana yake ni kwamba kwa mtandao wa simu, mwenye hiyo fedha ni yeye. Dada mmoja anayeanika dagaa Igombe alikuwa ameweka akiba ya msimu mzima kwenye simu. Walipogombana, mume akaenda kwa wakala, akasema line imepotea, akawekewa mpya kwa kidole chake, akabadilisha namba ya siri. Kabla ya saa nne asubuhi salio lilikuwa limeshatoka, na hakukuwa na wizi wa kuripoti. Kwa hiyo sajili line yako kwa NIDA yako, hamishia fedha huko, na namba ya siri isiwe mwaka wa kuzaliwa wa mtoto wenu.

Kisha karatasi. Kusanya namba yako ya NIDA, cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki na bima, na chochote kinachohusu kiwanja au nyumba: hati, leseni ya makazi, au ile karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Vipige picha vyote, umtumie dada au mama mdogo, halafu ufute kwenye simu yako. Kama nakala halisi haziwezi kutoka bila kugundulika, ziache. Picha zinatosha kuanzia.

Mahali pa kulala pataje mapema. Nyumba salama ni chache, na nyingi zinaendeshwa na mashirika, hivyo mara nyingi utakwenda kwa ndugu. Chagua ndugu ambaye mume hatamfikiria kwanza. Na elewa hili kabla hujakwenda polisi: mtuhumiwa ana haki ya dhamana. Anaweza kukamatwa asubuhi na jioni akawa sebuleni. Wanawake wengi hawakuambiwa, wakarudi nyumbani wakidhani yuko ndani.

Hatua ya kwanza: matibabu na PF3

PF3 ni fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kueleza majeraha. Inatolewa kituoni na haiuzwi. Ukiwa na hali mbaya, tibiwa kwanza, fomu itafuata.

Katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Sekou Toure kuna Kituo cha Mkono kwa Mkono. Hapo polisi, daktari na afisa ustawi wanahudumia sehemu moja, ili usirudie simulizi yako kwenye kila dirisha. Ukifika mapokezi usieleze mambo yako mbele ya foleni. Sema tu, "Samahani dada, naomba kuelekezwa Mkono kwa Mkono." Wataelewa. Ukiwa mbali, anza na kituo cha afya kilicho karibu, uombe rufaa ya maandishi.

Kama umebakwa au umelazimishwa, saa zinahesabika. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba ina nafasi ndani ya siku tano, nayo pia inataka kuwahi. Usioge kabla ya kupimwa. Nguo ulizovaa ziweke kwenye bahasha ya kaki au mfuko wa karatasi, kwa sababu ndani ya plastiki zinapata unyevu na ushahidi unaharibika. Hata kama aliyefanya ni mume, matibabu ni haki yako. Sheria yetu ya jinai inatambua ubakaji wa mke pale ambapo wametengana, na mimi naona sheria hiyo imebaki nyuma, lakini daktari hatibu kwa kuangalia cheti cha ndoa.

Muombe daktari aandike kila jeraha, hata lile la zamani lililoacha kovu, na aandike limesababishwa na nini kwa maelezo yako. "Maumivu ya mwili" peke yake haitamsaidia hakimu. Piga picha majeraha siku hiyo na tena baada ya siku mbili, maana mavilio huonekana vizuri zaidi baadaye.

Hatua ya pili: jalada

Nenda kituo chenye Dawati la Jinsia na Watoto, ueleze chumbani, si kaunta. Salamu ni ile ile: "Shikamoo afande, nimekuja kuripoti shambulio, naomba kuhudumiwa dawatini." Taja shambulio, usitaje "ugomvi na mume wangu", kwa sababu ukisema ugomvi utaambiwa mkayamalize nyumbani. Una haki ya kusomewa maelezo yako kabla ya kusaini na kurekebisha palipoandikwa vibaya. Usiondoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni, na jina la askari anayeshughulikia jalada lako. Andika mahali pawili.

Tanzania Bara haina sheria moja maalumu ya ukatili wa majumbani, ndiyo maana mashtaka huandikwa chini ya Kanuni ya Adhabu. Shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241, lina adhabu ya hadi miaka mitano jela. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inasema wazi kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo. Kikariri hiki. Mzee wa ukoo akisema mume ana haki ya kumrudi mkewe, una jibu ambalo limekuwa sheria kwa zaidi ya miaka 50.

Baada ya kuripoti, presha itaanza. Mama mkwe atakuja, shemeji atakuja, mchungaji au shehe atapiga simu: futa kesi, mnamwaibisha baba wa watoto. Waambie ukweli kwa adabu: kesi ya jinai ni ya Jamhuri, wewe ni shahidi. Mwenyekiti wa mtaa naye hana mamlaka ya kusuluhisha kosa la jinai ofisini kwake kwa soda na faini ya mbuzi. Wapo wenyeviti wazuri sana Mwanza, wanaomsindikiza mama kituoni saa sita usiku. Ukimpata mwingine ambaye ni rafiki wa mume, mruke, nenda kwa mtendaji wa kata.

Kama umedharauliwa kaunta, omba kuonana na mkuu wa kituo. Bado? Mratibu wa dawati ngazi ya mkoa yupo. Peleka malalamiko kwa barua, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Hatua ya tatu: afisa ustawi wa jamii

Hapa ndipo watu wengi wanaruka, na ndipo milango miwili ingeweza kuunganishwa. Afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri analipwa kwa ajili yako. Anaweza kuita wazazi na kuandika makubaliano ya matunzo ya watoto, kuandaa taarifa ya ustawi kwa ajili ya mahakama, kusaidia mtoto ahamishiwe shule nyingine, kukuombea msamaha wa gharama za matibabu kama huna uwezo, na kukupa ushauri nasaha.

Muombe pia kitu ambacho wengi hawakiombi: barua ya rufaa kwenda kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Hao ni watu wawili tofauti, ingawa mara nyingi wanakaa korido moja. Ustawi anashughulikia madhara yaliyokupata, Maendeleo anashughulikia vikundi na mikopo. Barua isieleze kisa chako. Mistari mitatu inatosha: mhusika ni mkazi wa kata hii, anapokea huduma kwetu, tunaomba aunganishwe na mafunzo na kikundi. Haikupi upendeleo wa kisheria, lakini inakutoa kwenye kundi la watu ambao hakuna anayewafahamu.

Hatua ya nne: ndoa, nyumba na mali

Ukitaka talaka, Sheria ya Ndoa inataka kwanza mpite kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, la kata au la taasisi ya dini, likishindwa litoe cheti cha kushindwa usuluhishi. Baraza hilo linahusika na ndoa. Halifuti jalada la polisi, na vyote viwili vinaweza kwenda kwa pamoja. Mwenzio akikataa kuitika wito au akitoroka, sheria inaruhusu kuendelea mahakamani bila hatua hiyo.

Kuhusu mali, wanawake wa Mwanza wanapoteza sana kwa kudhani kwamba kwa kuwa jina kwenye karatasi ni la mume, basi wao hawana chao. Kifungu cha 59 kinamzuia mwenzi kuuza au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa pamoja, na Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, 1983, ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango kwenye mali hiyo. Kupika, kulea na kuchota maji kunahesabika. Kama hamkufunga ndoa lakini mmeishi pamoja miaka miwili au zaidi na majirani wanawajua kama mke na mume, kifungu cha 160 kinakupa nafasi ya kudai matunzo na haki nyingine.

Wakili hulipii ikiwa huna uwezo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imetambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na tangu 2023 kuna kampeni ya serikali ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia inayozunguka mikoani. Hapa Mwanza, shirika la Kivulini limekuwa likitetea wanawake tangu 1999. Ofisi ya halmashauri inajua wasaidizi wa kisheria walioko kwenye kata yako. Uliza kwa jina la huduma: "Naomba msaidizi wa kisheria."

Hatua ya tano: mtaji wa asilimia 10

Kila halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ukiondoa vyanzo vilivyolindwa: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Halmashauri ikikusanya shilingi bilioni 1 isiyolindwa, milioni 100 ni za mikopo na milioni 40 kati yake ni za wanawake. Haina riba. Serikali iliisimamisha mwaka 2023 baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho mabovu, ikairudisha mwaka 2024 kwa kanuni mpya, ndiyo maana uhakiki wa sasa ni mkali. Usikasirikie ukali huo. Vikundi hewa vilikula fedha ya wanawake wa kweli.

Mkopo unakwenda kwa kikundi cha wanawake wasiopungua watano. Kwa watu wenye ulemavu masharti ya idadi yamelegezwa, kwa hiyo kama una ulemavu uliza kwa fungu lako. Mtakaohitaji kuwa navyo:

- katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao cha kuchagua viongozi
- cheti cha usajili wa kikundi, kupitia Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata
- namba za NIDA za wote na barua za utambulisho za mtaa au kijiji
- akaunti ya benki kwa jina la kikundi
- andiko la mradi, na muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba mkopo

Maombi yanaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na afisa wa kata anawasaidia msio na simu janja. Yanapita kata, yanakuja kukaguliwa mlipo, yanakwenda halmashauri. Mafunzo ni lazima kabla ya fedha. Hakuna bahasha ya kumpa mtu yeyote. Anayetaka fedha au mwili ili fomu ipite anafanya kosa la rushwa, na rushwa ya ngono imetajwa waziwazi kwenye Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. TAKUKURU ni 113.

Sasa nizungumzie kikundi chenyewe, kwa sababu hapa ndipo mwanamke aliyetoka kwenye kipigo anaokoka au anaangamia. Wenzako ndio dhamana yako. Ukikimbia Nyegezi ukaenda kujificha Sengerema, deni linabaki kwa wanne. Kwa hiyo chagua watu ambao angalau mmoja wao unaweza kumweleza hali yako, na kwenye katiba wekeni kifungu cha mwanachama anayehama kwa dharura: atarejesha kwa simu kutoka popote alipo, na sehemu yake ya bidhaa itasimamiwa na kikundi. Msichukue wifi wala mke mwenza wa rafiki wa mume. Na msikubali mwanaume "mshauri" anayeshika kitabu cha benki. Watia saini wawe watatu, wote wanachama, na fedha isitoke kwa saini ya mmoja.

Kuna jambo lililopimwa hapa hapa mjini. Watafiti wa mradi wa MAISHA walifuatilia wanawake zaidi ya 1,000 kwenye vikundi 66 vya mikopo Mwanza. Nusu ya vikundi viliendelea na mikopo tu; nusu vikapata pia vipindi 10 vya mazungumzo juu ya mahusiano, haki na namna ya kujadiliana nyumbani. Kati ya waliopata vipindi hivyo, waliopigwa walikuwa wachache kuliko kwa wenzao wenye mkopo mtupu. Kwa hiyo mkiwa wapya, ombeni Afisa Maendeleo awaletee mtu wa dawati au msaidizi wa kisheria kwenye vikao vyenu vya kila wiki. Ni sehemu ya kazi yao, hailipiwi.

Andiko la mradi lifanane na ziwa. Nimesoma maandiko ya dagaa yanayoahidi rejesho sawa kila wiki, na aliyeyaandika hajawahi kukaa mwaloni. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwaka, mitumbwi inakaa, na kwa siku kumi hivi hakuna kipya cha kuanika. Mvua nazo zinaozesha mzigo uliolala mchangani. Kwa hiyo ombeni marejesho ya mwezi, si ya wiki. Kwenye gharama wekeni vichanja vya nyavu na turubai, maana dagaa wa kichanjani hawana mchanga na bei yao ni nzuri zaidi Kirumba. Pigeni hesabu kwa miezi mibaya, siyo ile ya mavuno. Kama biashara ni ushonaji, mamantilie au mboga za Buhongwa, kanuni ni hiyo hiyo: andika unachouza siku mbaya.

Wakati mnasubiri, msiguse kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Najua inatoka ndani ya nusu saa na haiulizi katiba. Lakini mkopeshaji wa kausha damu anakuja kubeba godoro mbele ya watoto, na nyumba ambayo tayari ina kipigo ikipata na mdai mlangoni, kipigo kinaongezeka. Mkopeshaji halali ana leseni chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, muombe aionyeshe. Kikoba cha wanawake kumi wa mtaa, kilichosajiliwa, kitawavusha miezi michache vizuri zaidi.

Hatua ya sita: kuilinda fedha ndani ya nyumba

Kama umeshatengana, hatua hii ni nyepesi. Kama bado mnaishi pamoja, amueni kwenye kikundi kwamba mkopo haugawiwi taslimu. Nunueni mashine, dagaa au vitambaa kwa pamoja, vikae kwa mwanachama mwenye nafasi au kwenye chumba cha kukodi, na risiti ziwe na jina la kikundi. Mali ya kikundi si mali ya ndoa, na anayeichukua anajibu kwa watu watano na halmashauri. Faida yako ipokee kidogo kidogo.

Je, mume aambiwe? Sina jibu moja. Mume mgomvi lakini mwenye aibu mbele ya watu mara nyingi anatulia akijua kuna kikundi na afisa anayekuja kukagua. Mume anayefuatilia simu na kuhesabu chenji ya sokoni ni mtu mwingine kabisa, na kwake ukimya ni salama zaidi. Wewe unamjua kuliko afisa yeyote. Ila kama alishawahi kukukaba shingo au kukutishia panga, usimweleze mipango ya kuondoka hata kwa hasira.

Hatua ya saba: kudai fungu kwenye bajeti

Dawati bila mafuta ya gari haliji usiku. Chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, kila mtaa, kijiji na kata inatakiwa kuwa na kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Nyingi zipo kwenye karatasi tu, kwa sababu hazikutengewa hata nauli. Nauli hiyo inaombwa kwenye bajeti ya halmashauri, na bajeti huanzia kwenye mikutano yetu.

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, lakini namba zinapangwa mapema zaidi. Siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10, zinaangukia wakati mzuri sana: viongozi wako majukwaani wakiahidi, na vipaumbele vya mwaka ujao bado vinakusanywa. Ukimaliza kupiga makofi, nenda kwenye mkutano wa mtaa au kijiji, ombeni agenda iingie kabla, na zungumzeni zaidi ya mmoja ili isionekane ni ya mtu na mumewe. Maneno yanaweza kuwa haya:

"Ndugu mwenyekiti, tunaomba mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari. Kamati ya ulinzi ya mtaa wetu ina wajumbe gani, na ilikaa lini mara ya mwisho? Tunaomba iombewe nauli na vocha kwenye bajeti ijayo. Na tunaomba mtendaji atusomee, kwenye mkutano ujao, vikundi vya wanawake vya kata hii vilivyopata mkopo na kiasi kilichorejeshwa."

Swali la mwisho lina uzito kuliko linavyosikika. Vikundi hewa havipendi kusomwa majina mbele ya majirani.

Ukijibiwa kwamba fungu halipo, omba jibu hilo nalo liandikwe. Chukueni nakala ya muhtasari yenye muhuri, mpelekee diwani moja, na nyingine Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, Nyamagana kwa watu wa Jiji, Buswelu kwa watu wa Ilemela, kabla Januari haijaisha. Diwani muulizeni ataisemea kwenye kikao kipi cha Baraza la Madiwani, na siku hiyo nendeni mkakae kwenye viti vya wananchi.